Turubai la Bilali

Dereva anayepeleka turubai lililochanika kwa Mapenzi, kule Mulekera mjini Beni, hukaa kwenye benchi akafunga mdomo. Aseme ana haraka, aseme mzigo wake unangojwa Butembo na mbingu imeshakuwa nyeusi, atajibiwa kwamba barabara ilikuwepo kabla yake na itabaki. Mapenzi ni mwanamke asiyeshona ovyo. Ukingo wa juu wa kiraka chake hupita chini ya turubai na wa chini hukaa juu yake, ili maji yateremke bila kupata mlango. Uzi wake wa nailoni husuguliwa kwanza kwa mshumaa. Akimaliza kushona huchukua brashi akaandika jina la mwenye gari kwa herufi pana zilizosimama wima, na chini yake neno lolote ambalo mwenye gari anataka kuwaambia walimwengu: SUBIRA, HAMUNIWEZI, MUNGU HALALI. Herufi zake zimefika Kisangani na Bunia, ingawa yeye mwenyewe hajafika.

Hasira pia anazo, tena si za kuazima. Mama yake, bibi Faida, husema mtoto huyu alizaliwa amefumba ngumi. Mapenzi humjibu kwamba watoto wote huzaliwa hivyo, wengine ndio husahau. Majirani nao wana utani wao: jina Mapenzi, tabia pilipili.

Ndugu yake mdogo, Bilali, alikuwa na lori alilorithi kwa baba yao, akienda Eringeti kuchukua kakao na mbao. Mpakiaji wake alikuwa Kahongya, Mkatoliki, mume wa Berthe wa mtaa uleule. Mwaka jana, wakirudi na mzigo, wauaji walitoka porini wakawamiminia risasi. Walifia palepale wote wawili. Askari walilirudisha lori, na juu ya lori lilirudi turubai ambalo Mapenzi alikuwa amelishona kwa mkono wake, sasa limejaa matundu.

Bilali alizikwa na Waislamu wenzake, Kahongya akazikwa na parokia yake. Mpaka hapo ni kilio kama vilio vingine vya Beni, navyo vimetosha, Mungu ni shahidi. Lakini matanga hayajaanuliwa, Mapenzi akasikia maneno sokoni. Wauaji wale wamejivika dini, hulitaja jina la Mungu huku wanachinja, na mtu mwenye uchungu hachagui wa kumtupia. "Bale banajuanaka," wale wanajuana wao kwa wao, mwanamke mmoja alisema nyuma ya fungu lake la sombe, majani ya muhogo, wala hakupunguza sauti. "Mungwana anauawa na mungwana mwenzake? Ile ni mambo yao." Mungwana kwao ni Mwislamu. Mapenzi alilipiga teke fungu lile la sombe likatawanyika matopeni, wakaja kuwaamua.

Tangu siku hiyo alikuwa na haja moja duniani: jina la Bilali lihesabiwe pamoja na waliouawa, si pamoja na walioua.

Turubai lile hakulitia viraka. Alijaribu, mkono ukakataa. Akachukua uzi mwekundu akalizungushia kila tundu pindo, kama mtu anayeshona tundu la kifungo, likabaki wazi lakini lisichanike zaidi. Kisha akalitundika kwenye ukuta wa kibanda chake cha kazi. Madereva waliokuja walilitazama, wakavua kofia, wakakaa kwenye benchi. Mwenye kovu usidhani amepoa, wamesema wahenga, na huyu hata kovu alikuwa bado.

Ndipo akaja Éliakim. Ni mzaliwa wa Butembo, kijana wa familia ya wafanyabiashara, aliyesomea sanaa Kinshasa na baadaye Ulaya, akarudi na ndevu na maneno marefu. Alikuwa anaandaa maonyesho makubwa mjini Butembo, aliyoyaita *Kurudisha Jina*. Mzungu alitupokonya majina yetu, alisema, akatuandikia ya kwake kwenye picha zake, kwenye ramani zake, kwenye makabati ya makumbusho yake. Sasa wasanii wa Kivu wanayafuta. Mapenzi alimsikiliza huku anashona, na kwa kweli maneno yale yalimpendeza. Kisha Éliakim akaliona turubai ukutani, akalisogelea.

"Mama," akasema baadaye, "hii ni œuvre, kazi ya sanaa."

"Hii ni bâche, turubai tu."

"Ni bâche, mais ni œuvre pia. Uniazime. Batu baione."

Mapenzi aliiweka sindano chini. "Nitakuazima juu ya kitu kimoja. Uandike pembeni yake: Bilali Amisi, wa Mulekera, aliuawa njia ya Eringeti. Batu basome ile."

"Jina njo kazi yetu, mama. Maonyesho yote iko juu ya majina."

Akatoa simu ili anase sauti yake, akamuuliza wao ni watu gani. Mapenzi akamjibu kama alivyojibu baba yake na babu yake: "Siye tuko bangwana."

Hapa nisimame kidogo, maana kisa chote kimekaa juu ya neno hili. Babu wa babu yake Mapenzi alikamatwa akiwa kijana upande wa mto Lualaba, akafungwa shingo, akabebeshwa pembe za ndovu za watu waliotoka pwani. Alizibeba mpaka akazoea njia, akajifunza Kiswahili chao, akasilimu, akapewa jina. Na siku alipopewa jina wakamwita mungwana, maana yake mtu ambaye si mtumwa. Alilishika neno hilo kama mtu ashikavyo mlango wa nyumba yake. Watoto wake hawakuwa na kilugha kingine wala kijiji kingine cha kuelekeza kidole. Walikuwa na Kingwana, Kiswahili chao, msikiti, barabara, na neno lile. Mapenzi alimweleza Éliakim hayo yote, bila haraka, na simu ilikuwa inawaka taa nyekundu.

"Ndiyo, ndiyo," Éliakim alikuwa anasema. "Ni nguvu sana, mama. Ni complexe."

Siku ya kulipakia turubai, Berthe alipita na ndoo ya maji kichwani, akasimama. Tangu kifo cha mumewe alikuwa haongei sana. Aliuliza linakwenda wapi.

"Butembo, kwa maonyesho," Mapenzi akamjibu, anakaza kamba. "Nitakuelezea nikirudi."

Berthe alilitazama turubai muda mrefu kuliko adabu, akaenda zake.

Siku ya ufunguzi Mapenzi alivaa kitenge kipya, akamchukua mama yake, wakaenda Butembo. Maonyesho yalikuwa katika depo ya mfanyabiashara mmoja, iliyopakwa chokaa nyeupe hadi macho yakauma. Kulikuwa na madawati ya shule ya misheni yaliyoning'inizwa miguu juu. Kulikuwa na picha za zamani za wazee waliopigwa na wazungu kama mtu apigaye picha ng'ombe wa kuuza, na wasanii wamezikwangua namba zilizoandikwa chini, wakaweka majina. Bibi Faida alizisogelea moja moja akawasalimu wale wazee, kwa kuwa hakuona sababu ya kuwapita kimya.

Éliakim alitoa hotuba. Alisema walikuja watu wakatuita Wanande, nasi tuko Bayira. Walikuja wakatuita washenzi, nasi tulikuwa na wafalme wetu. "Leo tunatupa maneno yao," akasema, "tunarudisha yetu." Watu wakapiga makofi, na Mapenzi akapiga kuliko wote. Kisha akamshika mama yake mkono, wakaenda kumtafuta Bilali.

Turubai lilikuwa ukuta wa mwisho, limepigwa taa. Lilikuwa zuri. Mapenzi hakuwahi kuliona kwa mbali hivyo. Pembeni palikuwa na kikaratasi kwenye ubao. Mapenzi aliishia shule ya primaire, ya msingi, lakini herufi ni kazi yake, na Kifaransa cha kwenye magari anakijua vizuri. Alisoma mara moja. Akasoma tena akifuata kwa kidole.

"Basemaje?" mama yake akauliza.

"Basema bâche ya kutoboka, uzi mwekundu. Basema mwanamuke wa barabisés ba Beni." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Descendants des esclavagistes. Entre bourreau et victime."

"Sema kwa kinywa cha kwetu."

"Batu baligeuka Barabu. Batoto ba bauza-batumwa. Katikati ya mwenye kuua na mwenye kuuawa."

Bibi Faida alifikiri. "Nani aliuza batumwa?"

"Siye, mama. Basema ni siye."

"Na jina ya Bilali?"

Jina la Bilali halikuwepo. La Mapenzi pia halikuwepo. Katika nyumba nzima iliyojengwa juu ya kurudisha majina, wale wazee wa kwenye picha wamerudishiwa ya kwao, hata dawati limeandikiwa jina la shule lilikotoka, na maiti wa Mulekera hakupata hata herufi moja. Alipata tusi.

Bwana mmoja mwenye tai alikuwa amewatangulia kusoma. Alimgusa mwenzake begani, akaonyesha kikaratasi kwa kidole. "Unaona? Beye benyewe banakubali," akasema. "Baliiandika kabisa." Mapenzi akasikia lile soko lote limeingia ndani ya depo na mafungu yake ya sombe. Sokoni yalikuwa maneno ya midomo, unaweza kuyapiga teke. Haya yalikuwa yamepigwa chapa, kwa Kifaransa, chini ya taa, na ndugu yake ameegemezwa kwayo.

Alimkuta Éliakim katikati ya wageni, glasi mkononi. Hakumvuta pembeni.

"Ile neno ulitoa wapi?"

"Neno gani, mama?"

"Miye nilikuambia mungwana. Nilikuambia babu yetu alifungwa shingo. Simu yako ilisikia. Weye umeandika muuza-batu."

Éliakim alitabasamu kwa upole, ule upole wa mtu aliyezoea kueleweka. "Mungwana, en français, ni arabisé, mama. Na barabisés njo balikuwaka na bale bafanyabiashara ya batumwa. Njo vile vitabu vyote vinasema."

"Vitabu ya nani?"

"Vitabu ya histoire."

"Ya nani?"

"Ya Babelgiji," akasema mwishowe. "Mais ile haibadilishe—"

"Donc majina yote ya Babelgiji unatupa, ile balituita siye peke unachunga."

Nyani haoni kundule. Mbelgiji aliingia nchi hii akijitangaza kwamba amekuja kumkomboa mtu mweusi mikononi mwa Mwarabu, na akisha kumkomboa akamfunga yeye mwenyewe, akamtuma kugema mpira msituni, akamchapa. Ili kamba yake isionekane ilibidi ile kamba ya kwanza ioneshwe kila siku, darasani, kwenye mchoro, na ifungwe mkononi mwa kila mwenye kofia ya sala. Bibi Faida aliuona mchoro huo kitabuni alipokuwa mtoto, akapigwa mawe njiani na wenzake kwa ajili yake. Na huyu kijana aliyekula vitabu vyote vya kuwapinga akaubeba mchoro uleule kutoka Ulaya, akaushusha Butembo, katika miaka ambayo mtu anaweza kuuawa kwa kudhaniwa tu. Wala hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililomtia Mapenzi wazimu: mbaya ungemtukana ukalala usingizi.

"Mama, tutasahihisha," Éliakim alisema chini chini. "Kesho. Leo kuna bageni. Na pia, ile 'entre bourreau et victime', haiko mubaya. Inafanya mutu afikiri."

"Ndugu yangu alipigwa risasi. Eko katikati ya nini na nini?"

Hakungoja jibu. Alirudi kwenye ukuta wa mwisho akatoa wembe wa kazi, ambao haumtoki mfukoni hata akienda arusi, akakata kamba ya kwanza. Kona ya turubai ikaanguka. Akakata ya pili. Alikuwa analia na anatukana, kwa Kingwana safi, akiwataja mama za watu, na baadhi ya matusi hayo siwezi kuyaandika hapa. Kile kikaratasi alikinyofoa na ubao wake akakivunja gotini. Turubai zima lilimshukia mabegani, akasimama chini yake kama mtu aliyenyeshewa.

Simu zilikuwa zimeinuliwa juu. Kisha mama mmoja wa kizungu, mgeni wa heshima, macho yamelowa, akaanza kupiga makofi. Mwenzake akafuata. Ukumbi mzima ukafuata, na yule wa tai naye, makofi ya nguvu, ya heshima, ya watu waliosimama. "Très fort," mtu akasema. "Quelle performance." Éliakim alikuwa ameshika glasi yake kifuani, anatazama wageni wake, na polepole, Mungu amsamehe, naye akaanza kupiga.

"Banapiga makofi ya nini?" bibi Faida aliuliza.

"Banazani ni mchezo, mama."

"Uko nalia."

"Banaona. Njo inabapendeza."

Walitoka na turubai lao, kizee ameshika upande mmoja na binti upande mwingine, wakapata gari la viazi lililotoka Alimbongo likawafikisha Beni.

Picha zilifika kabla yao. Kufikia juma lililofuata hapakuwa na simu Mulekera isiyokuwa naye, mdomo wazi, turubai kichwani, na mtu mmoja mwema alikuwa amekipiga picha kile kikaratasi kabla hakijavunjwa, akaviunganisha. Batoto ba bauza-batumwa. Dereva wa siku nyingi alikuja akachukua turubai lake likiwa limeshonwa nusu. Hakugombana. Alisema tu, "Mama, nitamalizia fasi ingine," akalikunja na sindano ingali ndani yake.

Éliakim naye alituma ujumbe wa sauti. Alikuwa na furaha, alikuwa na haya kidogo, alikuwa na haraka. Kikaratasi kipya kimeandikwa, alisema, bila lile neno. Na kuna habari: Kinshasa wameona video, wanamtaka. Watalipa safari. Mapenzi atakuja na turubai, atalitundika, na mbele ya watu atalikata vilevile. "Ile geste, mama, urudilie ile geste tu."

Mapenzi aliusikiliza ujumbe huo mpaka mwisho, akaufuta, akaenda nyuma ya nyumba kupasua kuni ambazo hakuna aliyezihitaji. Alikuwa bado anapasua Berthe alipoingia.

Berthe hakusalimu. Alikuwa na simu mkononi, ile picha imefunguliwa.

"Niliona," akasema. "Nilisikia na sauti yako. Ulilia sana juu ya jina ya Bilali."

"Balikataa kuiandika, mama Berthe. Bakaandika matusi."

"Nilisikia. Na ya Kahongya?"

Mapenzi alibaki na shoka mkononi.

"Ulipomuambia ule kijana aandike," Berthe akasema, "ulisema jina gani?"

"Nilisema Bilali."

"Peke yake."

"Peke yake."

"Kahongya hakukuwa mule mu gari?" Berthe hakuwa anapaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Damu iko kwa ile bâche, unajua ni ya nani? Uliosha, ukashona uzi muzuri, ukapeleka Butembo, hukuniuliza. Nilikuuliza miye njiani na ndoo kwa kichwa, ukaniambia utanielezea ukirudi. Umerudi. Nielezee."

Mapenzi alitafuta hasira zake, zile zisizowahi kumwangusha tangu alipozaliwa, asizikute mahali pake. Zote zilikuwa upande wa Berthe, na zilikuwa za haki. Mwaka mzima alikuwa amepigana na dunia kwa ajili ya jina moja, na mle ndani ya lori walikuwa wawili. Pole haikumtoka, kwa kuwa ilikuwa ndogo mno. Aliliweka shoka chini, akaingia kibandani, akaliburuta turubai hadi uani, akalitandaza juu ya vumbi na matundu yake yote mekundu. Akaleta kopo la rangi nyeupe na ile brashi pana ya majina ya wenye magari.

Bibi Faida alitoka mlangoni akasimama.

"Naandika hapa," Mapenzi alisema, akionyesha katikati. "Kubwa. Bote babili. Bilali juu, na chini yake—"

"Hapana," Berthe akasema. "Bilali alikuwa ndani, kwa volant, anaendesha. Kahongya njo alikuwaka juu ya mizigo. Yeye njo balipiga mbele, wa kwanza. Andika yeye juu."

Mapenzi alimtazama mama yake. Bibi Faida akatikisa kichwa kukubali, akakaa chini penye kizingiti. Mapenzi akapiga magoti juu ya turubai, akachovya brashi, akaanza na K.